Dakika Arobaini Hollersief

Tangu turudi hapa Evere, Bruxelles, nimeulizwa habari za safari hii kwenye lifti, nje ya kanisa, na mara moja nikiwa na kipimajoto mdomoni kwenye chumba cha daktari. Kila mara nilieleza kidogo, na kila aliyenisikiliza alikwenda kumweleza mwingine, hadi juzi nikaambiwa kwamba Papa Mukendi alikamatwa Ujerumani kwa kuteka treni. Hakukamatwa. Treni hakuiteka pia. Aliizuia tu, kwa mkono mmoja, na alikuwa na sababu. Naandika yote hapa mara moja, kwa mpangilio, na karatasi hizi mnaweza kupokezana.

Kwa wasiomfahamu: Papa Mukendi anakaa ghorofa ya chini yangu, kwa mwanawe. Alizaliwa Likasi, wazazi wake wakiwa watu wa Kasai, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtu wa reli huko Katanga, ishirini kati ya hiyo akiwa mkuu wa stesheni. Binti yake, Béatrice, sote tunamwita Béa, alitoka Katanga kwa njia nyingine. Aliomba hifadhi Ujerumani, akapelekwa kukaa katika mji mdogo unaoitwa Lautscheid, kwenye vilima ambako, kwa maneno yake, misonobari ni mingi kuliko watu na ina adabu zaidi. Mumewe bado yuko Lusaka anangoja karatasi. Mwezi wa tatu Béa akajifungua mtoto wa kike.

Ofisi ya huko haikubali mtoto asiye na jina. Béa aliwaeleza kwamba jina ni la mzee wa familia na mzee yuko Bruxelles. Karani akamwambia siku zilizobaki. Béa akatazama huku na huku wodini, akataja jina la mkunga. Ndivyo mjukuu wa kwanza wa Papa Mukendi alivyoandikwa Gudrun. Papa alipopewa habari hizi kwenye simu, alipanda kunitafuta.

"Karatasi iko yao," aliniambia siku hiyo kwenye ngazi. "Jina iko yetu."

Kwao mzee humshika mtoto na kulitamka jina kabla ya ubatizo. Padri wa Lautscheid alikubali kubatiza Jumamosi saa tano asubuhi. Saa sita alikuwa na harusi. Alisema wazi, na kwa upole, kwamba babu asipofika atambatiza mtoto kwa jina lililo kwenye cheti, kwa sababu hawezi kumbatiza mtu kwa kistari badala ya jina. Béa naye hakuweza kuja kwetu. Mwomba hifadhi haruhusiwi kutoka nje ya wilaya yake bila kibali. Alikuwa ameshakamatwa mara moja katika mji wa wilaya jirani, alikokwenda kutafuta mafuta ya nywele, na akaambiwa kwamba mara ya pili itaingia kwenye faili lake.

Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya Kijerumani. Nilijifunza uchapaji Leipzig, nchi hiyo ilipokuwa bado mbili.

Gare du Nord hadi mpakani

Tuliondoka Gare du Nord saa kumi na mbili asubuhi, siku ambayo hata minara ya ofisi ilikuwa na taa tatu tu. Papa alivaa suti ya kahawia na tai. Alibeba mfuko wa plastiki wenye maandazi, mayai ya kuchemsha, na kopo la siagi lililojaa sombe ya kupikwa, limefungwa kwa kamba mara nne. Mimi nilibeba ratiba. Nilikuwa nimeipanga vizuri: Aachen saa mbili kasoro, Brenkenau saa mbili na robo, kisha treni ndogo ya kwenda Lautscheid, tufike saa tatu na kitu, tukae na Béa, tunywe chai.

Papa aliitazama ratiba yangu kama daktari anavyotazama dawa ya mganga mwenzake. Akauliza kama nimeandika treni ya baadaye. Nikamwambia haitahitajika.

Baada ya Liège treni ilisimama kwenye malisho. Kulikuwa na ng'ombe kwenye njia. Tuliwaona vizuri, saba, weupe, mmoja akiwa amelala katikati ya reli kwa mtindo wa mtu aliyenunua kiwanja. Mkaguzi wa tiketi alishuka akawasemesha kwa Kifaransa, akarudi, kisha akashuka mwingine akawasemesha kwa Kiholanzi. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu alisema kwamba katika nchi hii hata ng'ombe wanasubiri waulizwe kwa lugha yao. Papa alimpa yai.

Tulikaa pale zaidi ya nusu saa. Papa hakulalamika hata kidogo. Alisema dereva amefanya sawa: amesimama, ametoa habari, amengoja. Kisha akaniuliza tena, kwa sauti ya kawaida tu, kuhusu treni ya baadaye. Nikaitafuta kwenye kitabu. Ilikuwa ikiondoka Brenkenau saa nne na dakika tano na kufika Lautscheid saa tano kasoro kumi.

"Dix minutes," alisema Papa. "Bon. Inatosha kusema jina moja."

Aachen

Siku hizi mpaka hauna mlinzi, tunaambiwa. Aachen kulikuwa na walinzi wawili, vijana, na kati ya abiria wote wa lile behewa waliona inafaa kuzungumza na sisi. Karatasi zetu zilikuwa sawa. Lakini mmoja wao alitaka kujua kilichomo kwenye kopo.

Nilimwambia ni mboga. Akauliza mboga gani. Nilitafuta neno la Kijerumani la majani ya muhogo, nikagundua kwamba Leipzig hawakunifundisha. Nikasema ni majani. Niliona mara moja kwamba nimekosea. Akaomba kopo lifunguliwe.

Papa alifungua kamba fundo kwa fundo, bila haraka, akazikunja na kuziweka mfukoni. Sombe ilikuwa na samaki mkavu na mawese, imelala usiku mzima. Behewa zima lilipata habari. Yule kijana alirudi nyuma hatua moja. Papa alitoa kijiko kutoka mfuko wa koti, akakifuta kwa leso, akamnyooshea.

"Mwambie aonje," alinielekeza. "Muntu haulizi kitu kama hataki kujua."

Nilitafsiri. Kijana alimtazama mwenzake, na mwenzake akatazama dari. Akaonja. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko ninavyodhani kanuni zao zinavyoruhusu, kisha akasema kwa Kijerumani kwamba inafanana na kitu anachopika bibi yake na kabichi, ila hii imekasirika. Wakatutakia safari njema.

Brenkenau

Brenkenau ni stesheni yenye majukwaa manne, saa mbili zisizokubaliana, na kibanda cha soseji. Tulikuwa na saa nzima. Papa hakutaka soseji. Alitaka kuona treni.

Treni ya Lautscheid ni behewa moja jekundu lenye injini yake chini ya sakafu, na dereva wake ndiye mkaguzi, ndiye mpakiaji, ndiye kila kitu. Jina lake Herr Thelen, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye hereni moja. Papa alilizunguka behewa lote, akainama kutazama magurudumu. Herr Thelen aliniuliza kama mzee amepoteza kitu. Nikamwambia alikuwa mkuu wa stesheni. "Ah," alisema, "basi aangalie sana, maana sisi hapa wakuu tumewamaliza."

Ndani tulimkuta abiria mmoja tu, mwalimu mstaafu, Herr Esser. Wengine mtacheka, lakini kila reli ndogo ya Ujerumani ina mtu kama huyu. Anapanda kila Jumamosi, kwenda na kurudi, bila kwenda popote. Ameandika kitabu kidogo juu ya njia hiyo, na alikuwa nacho mfukoni. Alipojua kwamba Papa ni mtu wa reli alihamia kiti cha mbele yetu kabla hatujaondoka, akaanza tangu mwanzo.

Kutoka Brenkenau kupanda bondeni

Nafupisha, kwa sababu Herr Esser hakufupisha. Njia ilijengwa enzi ya Kaiser ili kushusha mawe ya chokaa na mbao. Mji wa Lautscheid ulitaka ipite moja kwa moja juu ya mlima. Wakulima wa upande huo walikataa kutoa ardhi kwa sababu moshi, walisema, utaharibu maziwa. Wilaya jirani ikatoa ardhi bure. Basi wahandisi wakaipinda: njia inatoka katika wilaya ya Lautscheid, inazunguka kilomita nne hivi katika wilaya ya jirani, kisha inarudi. Katikati ya kipande hicho ndipo penye stesheni ya Hollersief. Vitani daraja lilipigwa bomu. Baada ya vita likajengwa lingine la mbao ambalo lilikuwa la muda, na bado ni la muda. Watu wakanunua magari. Mara tatu imetangazwa kwamba njia itafungwa, na mara tatu Herr Esser amehudhuria safari ya mwisho. Sasa serikali kuu imeikabidhi kwa jimbo, jimbo likaikabidhi kwa kampuni ndogo ya hapo hapo, na kampuni ikaikabidhi kwa Herr Thelen na wenzake wachache.

Nilitafsiri yote haya. Papa alisikiliza akitazama nje, akihesabu kitu. Alipomaliza kuhesabu alisema hajaona ishara hata moja ya reli tangu tuondoke.

Herr Esser alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe. Hakuna, alisema. Njia hii haina taa wala ishara. Kuna mtu mmoja Brenkenau mwenye simu na karatasi kubwa ya mistari. Treni ikifika stesheni, dereva hushuka, humpigia, humwambia amefika, huomba njia mpaka stesheni inayofuata. Yule mtu humpa au humnyima. Dereva hurudia maneno yote, huyaandika kwenye daftari na saa yake, ndipo huondoka.

Papa alinigeukia. Nimeishi naye jengo moja miaka miwili na sikuwa nimemwona akiwa na uso huo.

"Petit," alisema, "ni kama kwetu. Njo vile vile. Hata daftari?"

"Hata daftari, Papa."

Akakaa wima. Kuanzia hapo hakuwa abiria tena.

Hollersief

Tulifika Hollersief saa nne na dakika thelathini na moja. Kuna jukwaa moja la changarawe, njia mbili za kupishana, benchi, na sanduku la simu la chuma ukutani mwa jengo lililofungwa. Hakuna nyumba. Herr Thelen alishuka. Papa naye akashuka, akasimama hatua tatu nyuma yake, mikono nyuma, kama mkaguzi.

Herr Thelen alifungua sanduku, akasema kwamba amefika, akasikiliza, akasema "ja, ja", akakata. Akarudi kwenye behewa, akakaa, akabonyeza kitufe cha mlango. Mlango haukufungika. Papa alikuwa ameushika.

Nilimwambia Papa apande. Tulikuwa na dakika kumi na tisa za njia, na kumi za kufika kanisani.

"Hakurudilia," alisema Papa. "Hakuandika."

Nilimwambia labda wanajuana. Herr Thelen, kutoka kitini, alisema kwa sauti kwamba njia ni wazi, kwamba huyu mwenye simu wamefanya kazi pamoja miaka kumi na moja, kwamba kila Jumamosi ni neno lile lile. Nikatafsiri. Papa alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, mkono ukiwa pale pale.

"Mwambie namuheshimu. Lakini message haiko message kama haiyarudiliwa. Mi sipande. Na yeye asiende."

Nitasema ukweli kuhusu nilivyojisikia, kwa kuwa wengine mmenisifu kwa uvumilivu. Niliona aibu. Nilimkumbusha ubatizo. Nilimkumbusha padri na harusi yake. Mwishoni nikatumia silaha niliyokuwa nayo: nilimwambia kwamba mjukuu wake atakuwa Gudrun mbele ya Mungu kwa sababu babu yake alishika mlango. Uso wake ulibadilika kidogo. Mkono haukubadilika.

Herr Esser, badala ya kusaidia, alifungua kitabu chake na kuthibitisha kwamba kanuni ya kurudia na kuandika ipo, na haijafutwa. Herr Thelen akamwambia asome kimya. Kisha akaniambia nimweleze mzee kwamba akitaka kazi wanatafuta mtu, mshahara mbaya, na sare atajishonea. Nilitafsiri. Papa alijibu kwamba sare anayo.

Zilipita dakika kama kumi namna hiyo. Mwishowe Herr Thelen alichomoa daftari chini ya kiti, akalipiga gotini kulikung'uta vumbi, akaenda kwenye simu na kulishika juu ili Papa aone. Alipiga. Safari hii alisema kila kitu kwa sauti kubwa na ya polepole, kama mtu anayeigiza mbele ya watoto, akaandika. Katikati ya kuandika aliacha kuigiza. Akauliza swali. Akasikiliza. Akarudia, kwa sauti ya kawaida, akaandika saa, akafunga sanduku.

Njia ilikuwa wazi kweli. Tangu mwanzo ilikuwa wazi. Hatari haikuwapo. Lakini kwa kuwa sasa tumechelewa mno, mtu wa Brenkenau ameamua kwamba treni ya kushuka, ambayo ilipaswa kutungoja Lautscheid, isichelewe kwa ajili yetu. Itaondoka kwa wakati wake, itapishana nasi hapa. Sisi tukae Hollersief mpaka ifike. Dakika kama ishirini na tano.

Nilimtafsiria Papa. Akaitikia kwa kichwa, akaachia mlango.

"Voilà," alisema. "Sasa hii ni message."

Kwenye benchi

Saa tano ilitukuta kwenye benchi. Herr Esser alikuwa anasoma kitabu chake mwenyewe. Herr Thelen alikuwa ameegemea behewa anavuta sigara, ametugeuzia mgongo. Papa alimega andazi, akanipa nusu, nami nikalikataa. Nilikuwa nimekasirika na sikujali aone.

Alikula nusu yake. Kisha akaanza kusema, bila kunitazama, na nayaandika kwa Kiswahili changu kwa sababu chake sikuweza kukikamata chote.

Mwaka ule watu wa asili ya Kasai walipokuwa wakitolewa Katanga, stesheni yake ilijaa. Watu walilala jukwaani wiki tatu, na magodoro, na vyerehani, wakingoja treni. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Kasai, lakini alikuwa na kofia, na kwa siku hizo kofia ilitosha. Treni zilipokuja alizipa njia, moja baada ya nyingine, kama inavyotakiwa. Katika moja alimpandisha mkewe. Béa alikuwa ameshaondoka kupitia Zambia.

Siku ya nne simu ya kazi ililia. Mwenzake wa stesheni ya mbali alikuwa na message. Treni imesimama, maji hakuna, na kati ya waliofariki yuko mke wa chef de gare, wa mkuu wa stesheni mwenyewe. Akalitaja jina. Kisha akangoja. Kwa sababu ni simu ya kazi, na message ya simu ya kazi hurudiwa.

"Ulirudia, Papa?" nilimuuliza.

"Nilirudilia. Nikaandika. Nikatia saa."

Tangu siku hiyo, alisema, hajalitamka jina lile. Wala kwa mwanawe, wala kanisani. Lilikuwa limebaki kwenye daftari lile, na daftari limebaki Katanga. Jina alilokuwa akilipeleka Lautscheid ni lile.

Nilichukua nusu andazi.

Treni ya kushuka

Ilionekana kwenye kona saa tano na dakika tisa, behewa jekundu kama letu. Herr Thelen alizima sigara. Mlango ulifunguka, akashuka Béa na mtoto mgongoni, kitenge kimefungwa juu ya koti la baridi la Kijerumani.

Niliinuka. Nilijua tulipo: wilaya ya jirani. Béa alikuwa kilomita mbili nje ya sheria.

Baadaye alinieleza. Alikuwa jukwaani Lautscheid anatungoja. Dereva wa treni ya kushuka, akiwa ameshapata habari kutoka Brenkenau, aliwaambia waliokuwapo kwamba treni ya kupanda imekwama Hollersief kwa sababu mzee mmoja Mwafrika mwenye tai anadai kuona daftari. Watu walicheka. Béa hakuuliza mzee yupi. Alimkimbilia padri, kanisa liko karibu, padri akasema hawezi kusogeza harusi lakini anaweza kubatiza saa nane, mkunga ameshakaa kiti cha mbele na keki na hana haraka. Béa angeweza kukaa na kungoja. Alinunua tiketi.

Alisimama mbele ya baba yake. Walikuwa hawajaonana miaka minne.

"Papa," alisema, "hata Ulaya unazuia train?"

"Umepita mpaka," alisema Papa.

"Oui, Papa."

"Bila kibali."

"Oui. Na wewe umefanya batu bote bachelewe. Donc tuko sawa."

Papa alinyoosha mikono. Béa alimfungua mtoto akampa. Mtoto alikuwa amelala. Alifungua macho, akaitazama tai, akafunga. Nilidhani Papa angengoja tupande, tukae, tufike. Lakini alitazama huku na huku, kwenye changarawe na njia mbili na lile sanduku la chuma, na nadhani alijiona yuko mahali pake.

Dereva wa treni ya kushuka alikuwa ameshapiga simu, amerudia, ameandika. Nilimsikia. Alikuwa anamtazama Papa kwa pembe ya jicho wakati akifanya hivyo. Angeweza kuondoka. Hakuondoka. Herr Esser alivua kofia, bila kujua kwa nini.

Papa alisema, kwa sauti ambayo haikuwa kubwa:

"Kapinga."

Kisha akangoja. Alimtazama Béa na kungoja, kama mtu aliyeshika simu.

Béa alikuwa amefunika mdomo. Jina la mama yake hajalisikia kutoka kwa baba yake tangu aondoke nyumbani, na habari za kifo alizipata Zambia kwa barua ya mtu mwingine. Papa hakumsaidia. Hakulisema tena. Hata mimi, niliyekuwa nimekuja kutafsiri, nilielewa kwamba hapa sina kazi.

"Kapinga," alisema Béa.

Papa alitikisa kichwa kukubali. Kisha akamgeukia Herr Thelen, ambaye alikuwa amesimama kwenye mlango wa behewa akitazama yote haya, na ambaye hakuna aliyemtafsiria neno hata moja. Herr Thelen alitazama mtoto. Akatoa daftari, na kalamu sikioni. Akasema jina polepole, sauti ikiwa ya swali, akilikosea kidogo mwishoni. Papa alimsahihisha. Akalisema tena, sawasawa. Akaandika. Akatazama saa yake, akaandika na saa: tano na dakika kumi na nne.

Akaligeuza daftari ili Papa asome. Papa alisoma mstari wote, kuanzia namba ya treni, bila haraka.

Ndipo akapanda.